USITUPE MBACHAO: TARAKILISHI ISIYOAMKA NA WAJIBU WA KISWAHILI

Wahenga walinena kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao. Wosia huu hupuuzwa na wengi wanaotumia tarakilishi zenye mifumo endeshi miwili au zaidi. Mwanafunzi mwenye Windows na Linux katika diski moja huamua kupanga upya vigawanyo vya diski hiyo: hufuta kimoja ili akipanue kingine. Anapoiwasha tena tarakilishi, haioni Windows wala Linux. Huona kiwambo cheusi na maneno "grub rescue" tu. Kiwewe humwingia, fundi huitwa, na baadhi ya mafundi hushauri diski yote ifomatiwe. Tasnifu ya miaka miwili hutoweka kwa dakika chache. Makala haya yanashikilia kwamba hasara ya namna hii aghalabu huwa haina sababu, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana dhima ya kusaidia kuizuia.

Chanzo cha tatizo hakina uchawi. Tarakilishi inapowashwa haijui mfumo endeshi uko wapi. Huhitaji programu ndogo ya kuupata na kuuamsha, ambayo hapa itaitwa kiamshi. Katika tarakilishi za mtindo wa zamani, kiamshi huanzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Kati ya hizo, 446 ni za msimbo wa kiamshi, 64 ni za jedwali la vigawanyo vikuu vinne, na 2 za mwisho ni alama ya uhalali. Kwa kuwa nafasi hiyo ni finyu, GRUB, kiamshi kinachotumiwa sana na Linux, hujigawa. Sehemu yake ya kwanza hukaa katika sekta hiyo, ya pili hufuatia kabla ya kigawanyo cha kwanza, na iliyosalia huhifadhiwa ndani ya kigawanyo cha Linux.

Sehemu ya pili huikumbuka ile iliyosalia kwa namba ya kigawanyo. Katika mpango huu wa zamani, vigawanyo vya ndani huhesabiwa kuanzia 5. Cha 5 kikifutwa, kilichokuwa cha 6 hugeuka kuwa cha 5. GRUB huenda kubisha hodi kwenye nyumba namba 6 na kukuta hakuna nyumba. Wenyeji hawajafa wala hawajahama. Ni namba ya mlango tu iliyobadilika. Kufomati diski kwa kosa hilo ni kubomoa mtaa mzima kwa sababu tarishi amepotea njia.

Tiba yake ni fupi. Amri ya "ls" huorodhesha vigawanyo vilivyopo. Ya "set" humwelekeza GRUB kwenye kigawanyo sahihi. Ya "insmod" hupakia sehemu iliyokosekana. Linux ikishaamka, amri ya "grub-install" hukiandika kiamshi upya ili kosa lisirudi. Ikiwa Windows imesakinishwa baadaye na kuifuta sehemu ya kwanza ya GRUB, tarakilishi huamshwa kwa Linux iliyo kwenye sidii au kifaa cha USB, kisha ukarabati ukafanywa kutoka huko. Katika tarakilishi mpya za mfumo wa UEFI, kiamshi ni faili iliyo katika kigawanyo chake maalumu. Nayo pia huweza kurejeshwa bila kugusa kazi za mwenyewe. Hata hivyo, tahadhari ni kabla ya hatari. Umeme ukikatika kigawanyo kikiwa katikati ya kuhamishwa, data yenyewe huweza kuharibika. Nakala ya akiba haina mbadala.

Wapo watakaouliza haya yanahusu nini Kiswahili, ilhali amri zenyewe ni za Kiingereza. Jibu ni kwamba kujua amri si kujua sababu yake. Fundi aliyekariri amri bila kuelezwa mantiki yake hukimbilia kufomati pindi amri zinapomwishia. Mantiki hufafanuliwa vyema kwa lugha ambayo mtu huifikiria. Wengine husema istilahi zisanifiwe kwanza: je, tuseme kiamshi, kianzishi au kipakizi? Mjadala huo una thamani, lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa katika maelezo kamili, si kwa kuorodheshwa katika faharasa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kwamba menyu za tarakilishi zaweza kusoma Kiswahili. Menyu, hata hivyo, humwonyesha mtu pa kubofya. Haimwelezi afanye nini mambo yanapoharibika.

Hapo ndipo penye pengo, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuanza kuliziba. Mwanafunzi wa Kiswahili akae na mwenzake wa sayansi ya tarakilishi, wachague hitilafu moja, waieleze hatua kwa hatua, kisha wampe fundi wa mtaani aisome na kuijaribu. Akikwama, maelezo yaandikwe upya. Akifaulu, tasnifu ya mtu itakuwa imeokoka, na Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi ambayo makongamano hukidai kila mwaka.