Kafara ya Miezi Mitatu

Usiku wa tarehe 18 Oktoba 2025 nilipiga makofi. Natangulia kukiri, ili msomaji asije akadhani kwamba katika kurasa hizi ninawasema wengine tu. Tulikuwa kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Mtendeni, Tabora. Yanga ilikuwa imefungwa bao moja kwa bila na Silver Strikers kule Lilongwe, na kabla hatujaagana zikaja habari kwamba kocha mpya, Mfaransa Romain Folz, ameondolewa. Vijana waliruka na kukumbatiana. Mimi, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, nilipiga makofi pamoja nao.

Asubuhi yake muuza kahawa, kijana asiyeshabikia timu yoyote, alinisalimu na kuniuliza: "Mwalimu, huyo kocha alikuwa amefungwa mechi ngapi?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole. Mwezi Septemba alimfunga Simba katika Ngao ya Jamii. Akawafunga Wiliete ya Angola, kwao na kwetu. Akawafunga Pamba Jiji. Akatoka sare na Mbeya City. Kisha ndiyo hiyo ya Malawi.

"Moja," nikamjibu.

Akanimiminia kahawa, hakusema neno. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijibishana na nafsi yangu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Simnyimi shabiki haki ya kulalamika. Amelipa kiingilio, amenunua jezi, amekesha. Timu ikicheza ovyo ana haki ya kusema inacheza ovyo, hata ikiwa imeshinda, na Yanga ya Folz haikuwa ikitupendeza macho. Ninachokipinga ni ile hatua ya pili, tunayoiruka kama mtu arukaye dimbwi: timu inacheza vibaya, basi kocha aondoke. Nani alituambia kwamba la kwanza huzaa la pili?

Tazama kumbukumbu zetu zilivyo fupi. Sead Ramovic alipoletwa Novemba 2024, alianza kwa kufungwa nyumbani mabao mawili na Al Hilal ya Sudan, kisha akafungwa mengine mawili na MC Alger kule Algeria. Hapa kijiweni tulimpa kila jina baya. Januari 2025 mtu huyo huyo akaifunga TP Mazembe matatu kwa moja Dar es Salaam, akaifunga na Al Hilal ugenini. Mwezi uliofuata alipohamia CR Belouizdad ya Algeria, walioomboleza kuliko wote ni wale wale waliokuwa wakimtukana.

Na huyo Ramovic aliletwa kwa nini? Hapo ndipo sisi watu wa Tabora tunapohusika. Miguel Gamondi alikuwa ameipa Yanga ubingwa, na msimu wa 2024/25 aliuanza kwa kushinda mechi nane za ligi mfululizo. Akafungwa na Azam. Kisha tarehe 7 Novemba 2024 akakutana na Tabora United, ambayo nayo ilikuwa imebadilisha kocha muda mfupi kabla, akafungwa matatu kwa moja. Siku hiyo moyo wangu uligawanyika vipande viwili, kimoja cha timu niliyorithi kwa baba na kimoja cha mji ulionizaa. Baada ya siku nane Gamondi hakuwapo. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2025, akakabidhiwa Taifa Stars kwa muda, na katika fainali za Afrika kule Morocco timu ya taifa ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hakuwa mtu mwingine. Alikuwa yule yule tuliyemwona hafai kwa sababu ya mechi mbili.

Najua nitajibiwa nini, maana nimeshajibiwa: "Mwalimu, mbona Yanga inabadili makocha na vikombe inabeba?" Ni kweli. Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025 wamepita Gamondi, Ramovic, Miloud Hamdi na Folz, akafika Pedro Gonçalves, na katikati ya purukushani hiyo ubingwa ulipatikana. Lakini tajiri anayebadili magari kila mwezi hafiki safari zake kwa sababu ya kubadili magari. Anafika kwa sababu ana fedha. Yanga ina wachezaji ambao hata ukiwaachia kipenga na mipira watashinda mechi nyingi za ligi yetu. Balaa ni kwamba tabia hii inaigwa na timu zisizo na kitu, na huko haibomoi kocha peke yake.

Hebu tuikumbuke timu ya mji wetu. Tarehe 16 Agosti 2023, ikiwa imepanda daraja kwa jina la Kitayosce na kugeuzwa kuwa Tabora United, ilifungua Ligi Kuu dhidi ya Azam pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa kuwa taratibu za usajili wa wengine hazikuwa zimekamilika. Ilifungwa manne, na mchezo ukavunjika mapema walipobaki pungufu ya saba. Nauliza: hapo kocha alikuwa na kosa gani? Kocha hajazi fomu za usajili. Halipi mishahara wala halipi madeni. Aghalabu hata wachezaji anawakuta wameshanunuliwa. Timu inapoanguka, anayepanda ndege ni yeye, na waliomwajiri wanabaki vitini, tena wakipongezwa kwa "kuchukua hatua". Sisi tunaopiga kelele za "aondoke" tunadhani tunawabana viongozi. La. Kelele zetu ndizo sabuni yao, wananawia mikono.

Mji huu wetu ni mji wa misafara. Kabla reli haijafika mwaka 1912, mizigo ilitoka Bagamoyo hadi Tabora mabegani mwa watu, na mbele ya wapagazi alitangulia kirangozi, yule aliyeijua njia, akishika bendera. Mwendo ulikuwa wa miezi kama mitatu. Njaa ilikuwapo, homa zilikuwapo, na bila shaka manung'uniko yalikuwapo kila kambi. Folz aliajiriwa Julai, akafukuzwa Oktoba. Kwa kipimo hicho, tumemfukuza kirangozi katika muda ambao babu zetu walikuwa bado hawajatua mzigo.

Lakini si babu zangu walionifanya nione haya. Ni mimi mwenyewe. Mwaka 1986 nilipelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, wilaya sitaitaja. Mwaka wangu wa kwanza hakufaulu mtoto hata mmoja kwenda sekondari. Wazazi waliitisha kikao chini ya mwembe, wakataka niondolewe. Niliketi mbele yao nikiwa na mke wangu mjamzito nyumbani, nikiwasikiliza wakinijadili kana kwamba sipo. Ndipo akainuka mzee mmoja, akauliza: "Madawati yaliyokosekana aliyachoma yeye? Walimu wawili wanaofundisha madarasa saba, ni yeye aliyewafukuza wengine?" Kikao kikanyamaza. Nikaachwa. Mwaka wa tatu walifaulu watoto wanne. Si wengi, lakini shule ile haikuwa imepeleka mtoto sekondari kwa miaka sita.

Mikono iliyopiga makofi usiku ule wa Oktoba ni hii hii iliyokuwa ikitetemeka chini ya mwembe.

Sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Wapo wasiojua kazi, na kuwavumilia ni uzembe. Nasema kabla hatujapaza sauti tuulize maswali ya yule mzee. Nani alimchagua kocha huyu, na kwa kutazama nini? Wachezaji aliwachagua yeye? Wanalipwa? Na maswali hayo tuyapeleke kwenye mkutano mkuu wa wanachama, tuwaulize walio meza kuu, badala ya kumzomea mgeni aliyesimama pembeni mwa uwanja asiyeelewa hata tusi tunalomtupia.

Timu itafungwa tena, hilo halina shaka, na kijiwe kitawaka moto. Nimemwahidi muuza kahawa kwamba siku hiyo nitainuka niulize, hata kama vijana watanizomea mimi.