Kumuaga Aliyeshindwa

Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu ulio kando ya mikoko ya hori ya Tudor, hupenda mpira kama miji yote ya Pwani. Jua likipunga, vijana hukusanyika uwanjani, na wazee huketi kandoni wakiwataja wachezaji wa zamani. Lakini wazee hao wakiulizwa ni siku gani mchezaji fulani aliagwa na watu wake, hukosa jibu. Mchezaji wa mtaani haagwi. Goti humuuma, au hupata kazi ya zamu bandarini, na Jumapili moja jina lake halitajwi tena.

Yafaa basi wasomaji watazame jinsi watu wa mji mwingine walivyomuaga mtu wao, wala hakuwa mchezaji wa mpira bali mkimbiaji, Bwana Mo Farah wa Uingereza. Wapenda mbio wa Kenya wanamfahamu vema, kwa maana mara nyingi alikuja kufanya mazoezi Iten, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa.

Mwezi wa Agosti 2017 mashindano ya dunia yalifanyika London, katika uwanja ule ule ambao Bwana Farah alipata medali mbili za dhahabu za Olimpiki mwaka 2012. Alikuwa ametangaza kwamba ataacha mbio za uwanjani ili ageukie marathoni, na watu wa London walikuja wakijua kwamba wanamuaga. Tarehe 4 Agosti alishinda mita 10,000, ingawa wakimbiaji wa Kenya na Uganda walikaza mwendo ili wamchoshe. Joshua Cheptegei wa Uganda alikuwa wa pili, na Paul Tanui wa Kenya wa tatu. Huo ulikuwa ushindi wa kumi mfululizo wa Bwana Farah katika fainali za Olimpiki na za dunia, tangu mwaka 2011.

Tarehe 12 Agosti zikaja mbio za mita 5,000. Muktar Edris wa Ethiopia alitangulia katika mzunguko wa mwisho, na Bwana Farah, kwa jitihada zake zote, alifika nyuma yake kwa muda usiotimia nusu sekunde. Mnyororo wa ushindi ukakatika mbele ya watu wa nyumbani, siku ile ile waliyokuja kumuaga. Machozi yalimtoka. Lakini watu hawakuondoka, wala hawakumzomea. Walimpigia makofi kama mtu aliyeshinda.

Makofi hayo yalipata maana kubwa zaidi miaka mitano baadaye. Mwezi wa Julai 2022, Bwana Farah alieleza katika filamu ya shirika la utangazaji la BBC kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Hussein Abdi Kahin. Alizaliwa Somaliland, na baba yake aliuawa katika vita yeye akiwa na miaka minne. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alipelekwa Uingereza kwa jina la mtoto mwingine, akatumikishwa kazi za nyumbani. Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa michezo, Bwana Alan Watkinson, aliyeusikia msiba wake na kumtafutia msaada. Basi jina lile lililoitwa na maelfu ya watu uwanjani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Hata hivyo, habari hizo zilipojulikana, Serikali ya Uingereza ilisema haitamchukulia hatua yoyote, na watu waliendelea kumpenda. Tarehe 10 Septemba 2023, katika mbio zake za mwisho kabisa huko kaskazini ya Uingereza, alifika wa nne tu, lakini watu walijipanga kando ya barabara wakinyosha mikono ili awaguse.

Hapo ndipo penye somo. Kumshangilia mshindi ni kazi rahisi, hata mgeni huweza. Kumpigia makofi aliyeshindwa, kwa ajili ya yote aliyoyatenda zamani, ni kazi ya watu wa kwao.

Jomvu Kuu haina haja ya uwanja kama wa London ili kufanya hivyo. Yatosha mechi moja ya kirafiki, nahodha amkabidhi mpira mchezaji anayestaafu mbele ya watoto, na majirani wapige makofi. Gharama yake ni jioni moja tu.

Wako watakaosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ni ya kweli, lakini yamhusu mgema ambaye bado yuko kazini. Huyu amekwisha kushuka mnazini, na wote waliokunywa wanajua kwamba tembo lake lilikuwa zuri. Ni haki yake kuambiwa hivyo angali anasikia.