Kadi Zinazosaidiana: Boksi la Watoto Lisichomwe



Ndugu wazazi na wanafunzi, hivi karibuni limezuka suala kati ya familia zetu za Dzaleka na zile za Lilongwe. Mzee wetu mmoja aliwakuta watoto mkekani baada ya madrasa wakicheza kadi, akasema boksi lote lichomwe moto. Sisi tunaoandika makala haya ni wazazi wa pande zote mbili. Tumewauliza watoto na tumecheza nao. Rai yetu ni kwamba boksi lisichomwe. Hata hivyo mzee hakukosea katika kila alilosema, na inatupasa tuseme alipopatia.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Kadi hizi si karata za kopa, uru, pau na shupaza. Ni za mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliotungwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Kila kadi ina kazi yake: askari, mnyama, silaha, au ardhi inayotoa nguvu ya kuzitumia nyingine. Boksi letu lilitumwa na kijana wetu aliyepata makazi Canada, nazo ni kadi alizokwisha kuzichezea.

Watoto hucheza kwa kuchagua. Wakiwa wanne huhesabu kadi 180. Kila mmoja hupewa mafungu matatu ya kadi 15. Hufungua fungu la kwanza, huchukua kadi moja, na zilizobaki humpa wa kushoto kwake, huku akipokea za wa kulia. Huendelea hivyo hadi fungu liishe. Fungu la pili huzunguka upande wa pili, la tatu hurudi upande wa kwanza. Mwisho kila mtoto ana kadi 45. Katika hizo huteua kama 23, huongeza ardhi 17, na hizo 40 ndizo silaha zake.

Hapa ndipo penye somo. Siku za mwanzo kila mtoto aligombea joka. Joka lina nguvu, picha yake inatisha, na aliyelipata alishangilia. Lakini joka kubwa huhitaji ardhi 6 mezani, na kabla hazijatimia mwenye joka amekwisha kushambuliwa. Binti mmoja wa Dzaleka alianza kuyaacha majoka yapite. Alichukua askari wadogo ambao hakuna aliyewataka, na pamoja nao kadi moja inayowaongezea nguvu askari wote kwa pamoja. Askari mmoja wake hafui dafu. Saba wakiwa na kadi ile, joka halijateremka na mchezo umekwisha.

Tulipomuuliza siri yake alisema, "Siangalii kadi ipi ina nguvu. Naangalia ipi inaisaidia niliyonayo." Ndugu zetu, hiyo ni akili ya kumsaidia mtoto darasani, sokoni na nyumbani. Tena haitoshi kuzijua zako, kwani lazima uchunguze jirani anakusanya nini ili msigombee kitu kimoja mkakosa wote wawili.

Watoto wamefika mbali zaidi. Kwa kuwa kadi hazitoshi, wamekata maboksi ya biskuti wakatengeneza zao: kisima, bustani, mbuzi, baiskeli, cherehani. Kisima peke yake hakina faida. Ukiwa na kisima na bustani unavuna, na ukiwa na baiskeli mavuno yanafika sokoni. Hakuna aliyewafundisha. Wameyatoa katika maisha wanayoyaona kila siku.

Ama kwa upande wa hoja za mzee, ni tatu: kamari, sala na picha.

Kuhusu kamari, mzee amepatia. Aya za 90 na 91 za Suratul Maida zinajulikana, hatuna haja ya kuzieleza upya. Mchezo huu ulipoanza ulikuwa na kanuni ya kuweka rehani: kila mchezaji hutenga kadi moja, na mshindi huzichukua zote mbili. Hiyo ni kamari bila shaka, na kanuni hiyo iliachwa baadaye. Tena kadi hizi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi hajui ndani mna nini, naye hununua na kununua akitafuta kadi moja adimu. Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walipozikataza kadi za Pokémon, kufanana na kamari kulikuwa miongoni mwa sababu. Na tusijidanganye kwamba haya yako mbali. Mwaka huu kijana wetu mmoja alicheza kwa kuwekeana pesa na wakubwa zake, akapoteza fedha alizopewa za madaftari. Mama yake alizitafuta nyumba nzima kabla kijana hajakiri.

Lakini swali la kujiuliza ni hili: je, dawa ni kuchoma boksi? Kijana yule angeweza kupoteza pesa zile kwa mpira au kwa bawo. Hapa Malawi wazee huketi chini ya mwembe wakicheza bawo, mashimo 32 na kete 64, na hatujasikia mtu akisema ubao uchomwe. Kinachokatazwa ni dau, basi dau liondoke.

Kuhusu sala pia hatuna ubishi. Wanazuoni wetu wa Kishafii walipoizungumzia shatranji, wengi waliihesabu kuwa makruhu maadamu haina kamari wala haimpotezei mtu sala. Kipimo hicho kinatufaa. Adhana ikisikika, kadi chini, hata kama umebakiza pigo moja.

Ama picha, boksi ni letu, tunaweza kulichambua. Wazazi wakae walipitie, wakitoa kadi zenye mashetani na yasiyofaa. Zitakazobaki zinatosha, na watoto wanajua kutengeneza nyingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Pasiwe na dau la pesa wala la kadi. Mtu asinunue pakiti zilizofungwa. Kadi zote ziwe mali ya wote na zirudi bokisini baada ya mchezo, mtoto asiwe na zake. Na mtu mzima mmoja awepo karibu.

Kuna jambo la mwisho, na kwetu ndilo zito. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamezidi 50,000. Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi kambini. Watoto waliokuwa darasa moja Lilongwe wakatenganishwa, wengine huku, wengine kule, na kati yao zaidi ya kilomita 40 na nauli isiyopatikana kila wiki. Boksi hili limekuwa likisafiri na mzazi yeyote anayekwenda. Watoto wa Dzaleka wakitengeneza kadi mpya huiweka humo, na wa Lilongwe hujibu kwa kadi inayosaidiana nayo. Wa huku walituma kisima, wa kule wakarudisha ndoo. Mtu asiyejua ataona vipande vya makaratasi tu. Kwa watoto hawa ni barua.

Mzee wetu tunamheshimu, na tunajua alisema kwa kuwahofia watoto wetu. Tunamuomba aje Jumamosi baada ya Alasiri, aketi mkekani, achague kadi zake 45. Baada ya hapo atoe uamuzi, nasi tutamsikiliza.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu popote walipo na atujaalie busara katika malezi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.