Majibu ya Maji Yabandikwe Ofisi ya Kijiji

Mwaka jana kwenye BTP nilipangiwa shule moja ya kata, jirani na mgodi wa dhahabu uliokwisha kufungwa. Mgodi wenyewe sitautaja, maana ninayosema hapa hayauhusu huo peke yake. Nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu ugumu wa maji. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, maji ya korongo la mgodini ni magumu au laini?" Darasa likacheka. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ualimu, nikamwambia kesho aje nayo kwenye chupa.

Kesho yake nikachovya litimasi nyekundu, haikubadilika. Ya bluu nayo vilevile. Darasa zima likaitikia, "Safi!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Nimeshakaa ofisini nakunywa chai ndipo nikashtuka: litimasi inajua asidi na besi tu, basi. Haijui arseniki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa arseniki kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kisicho na rangi wala ladha, na maabara yetu ya shule haina cha kukipimia. Ikabidi nirudi darasani kufuta neno langu. Kuna watoto pale ambao ng'ombe wa kwao wanakunywa lile korongo.

Wengi wetu hapa chuoni tunadhani mgodi ukifungwa habari imekwisha. Golden Pride ya Nzega ilimaliza uzalishaji zaidi ya miaka kumi iliyopita, Buzwagi ya Kahama ikasimama 2021, na mingine itafuata, kwani dhahabu haioti tena. Sianidi ndiyo inayoogopwa zaidi, lakini ile ya kwenye bwawa la mabaki huvunjwa na jua kidogo kidogo. Tatizo la kudumu ni jiwe lenyewe. Miamba mingi ya dhahabu ina pairiti, ile inayong'aa hadi watu wakaidhania dhahabu. Ikiwa chini ardhini haina neno. Ikichimbwa na kulundikwa juu, ikakutana na hewa na maji, inatengeneza asidi ya salfuriki, na asidi hiyo inayeyusha metali zilizomo. Haina swichi ya kuzima. Afrika Kusini, magharibi mwa Johannesburg, maji ya aina hiyo yalianza kububujika juu ya ardhi mwaka 2002, miaka kadhaa baada ya pampu za migodi kuzimwa.

Sasa, ukaguzi upo. Niliwaona wakaguzi mwenyewe, Agosti, gari mbili. Walichota maji kwenye visima vya uangalizi, wakapiga picha miche, wakaondoka. Nilipomwamkia mwenyekiti wa kijiji jioni ile nikamuuliza majibu huwa yanasemaje. Mzee mpole yule. "Huwa wanapima, mwalimu," akaniambia. "Majibu huwa yanakwenda juu."

Yashuke pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira, na 2016 ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Lakini mama mwenye ndoo kichwani hawezi kuandika barua ya maombi kila msimu. Ninachodai ni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: kisima namba fulani, kimepimwa tarehe fulani, kimekutwa na nini, na kikomo ni kipi.

Halafu Agosti peke yake haitoshi. Wakati huo korongo limebaki madimbwi. Kiangazi chumvi zenye asidi hujikusanya juu ya mawe, na mvua za kwanza huzisomba kwa mkupuo. Siku hiyo ndiyo ya kuchota maji, tope au si tope.

Na ardhi nayo. Ukipita barabarani unaona kijani, unasema wamejitahidi, na kweli wamejitahidi. Ila panda mteremko uangalie kama mvua imechimba mifereji. Mfereji ukishafika kwenye mawe taka yaliyofukiwa, udongo wa juu umeshindwa kazi, hata kama miti imesimama mistari mizuri. Kanuni zinautaka mgodi uweke dhamana ya fedha kwa ajili ya ukarabati wa mazingira. Dhamana hiyo isiachiliwe kwa kuhesabu miche.

Rafiki yangu mmoja anayesoma jiolojia ananiambia wanakijiji wataona namba wasizozielewa, kitazuka taharuki. Taharuki ipi tena? Sasa hivi kila ng'ombe akifa inasemwa ni mgodi, hata aliyekufa kwa ndigana. Huenda namba zikausafisha mgodi mara nyingi kuliko kuutia hatiani. Na wa kuzieleza wapo: walimu wa kemia, yaani sisi tunaolalamika humu kwamba wanafunzi hawaoni kemia inafanya kazi gani nje ya mtihani.

Kwenye andalio la somo la siku ile, sehemu ya maoni, niliandika: "Swali la maji ya korongo halijajibiwa." Msimamizi wangu alisaini chini yake, akafungua ukurasa unaofuata.