MAFUNZO KAZINI KWA SIMU: BANDO NA MUDA NI VYA MWAJIRI



Mwaka 2016 VETA na Airtel walileta VSOMO: nadharia unasoma kwenye simu, vitendo unafanya chuoni. Utaratibu wa namna hiyo unafaa viwanda vyetu vya kukamua alizeti hapa Singida. Fundi haachi mashine wiki nzima.

Lakini wapo waajiri wanaotuma masomo saa tatu usiku, kijana ajinunulie bando. Hayo si mafunzo, ni kumtwisha mfanyakazi gharama ya kampuni. Mwaka 2023 tozo ya SDL ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Nafuu hiyo inunue bando.

Wanachama wenye viwanda, tuanze sisi: saa moja ya kazi kila wiki, simu mkononi, mshahara palepale.

Katibu wa Tawi