FUNDI WA KIJIJI: Redio ya Pikapu Ikikataa Kusema, Anza na Antena

Mwezi huu tuzungumze juu ya redio ya upepo iliyofungwa ndani ya gari. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari na nyimbo. Ni ile ambayo dereva hubonyeza kitufe, akasema, na mtu wa mbali akamjibu.

Labda utasema, "Mimi sina gari. Jambo hili lanihusu nini?" Linakuhusu. Siku ukiugua, utapakiwa katika pikapu ya mtu au ya chama. Ikikwama njiani, maisha yako yatategemea kama dereva anasikika au hasikiki. Siku hizi wengi tuna simu za mkononi. Lakini ukishuka kutoka Mlowo kwenda Kamsamba, au ukipita katika milima ya Ileje, unaweza kufika mahali ambapo simu haishiki mtandao.

Nitakueleza jambo nililoliona. Ilikuwa wakati wa mvua. Nilikuwa ndani ya pikapu pamoja na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Tulikwama katika tope juu ya mteremko, jua likizama. Dereva aliita kituo mara nyingi. Sisi tuliwasikia wenzetu kwa mbali, lakini wao hawakutusikia. Dereva akasema, "Mzee, redio hii imekufa. Nilimwambia bosi anunue nyingine."

Nilishuka na tochi nikaangalia antena. Ilikuwa imefungwa juu ya keria. Gari lilikuwa limepakwa rangi mpya, na rangi ilikuwa imeingia chini ya kitako cha antena na chini ya miguu ya keria. Nilifungua nati, nikakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikakaza tena. Dereva alipoita, alijibiwa mara moja. Trekta lilikuja kutuvuta, na mama alijifungua salama kituoni. Redio haikuwa imekufa. Ilikosa njia tu.

Antena ina sehemu mbili

Watu wengi hudhani antena ni ile fimbo tu. Sivyo. Fimbo ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari. Mafundi huita sehemu hiyo ethi. Kitako cha antena kisiposhikana na bodi, chuma kwa chuma, ni kama mtu anayetaka kupiga makofi kwa mkono mmoja.

Urefu wa fimbo nao una kipimo chake. Kuna redio za gari ziitwazo CB. Marekani ilizitengea mawimbi ya megahezi 27 mwaka 1958, na madereva wa malori wa huko walizipenda sana miaka ya 1970. Wimbi moja la redio hizo lina urefu wa karibu mita 11. Antena nzuri ya gari ni robo ya wimbi, yaani karibu mita 2 na robo tatu. Antena fupi husaidiwa na waya uliosokotwa ndani yake. Kwa hiyo usikate fimbo kwa sababu inagonga matawi ya miti. Ukiikata, umeharibu kipimo.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya redio hizo ni ndogo. Kwa kawaida ni wati 4 tu. Kwa nguvu ndogo hivyo, kutu kidogo huweza kukunyamazisha.

Kagua kwa utaratibu

Usianze kufungua redio. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

1. *Angalia mahali ulipo.* Mawimbi haya hayapiti kwa urahisi ndani ya mlima. Ukiwa bondeni unaweza kukosa kusikika hata kama kila kitu ni kizima. Sogea juu ujaribu tena.

2. *Angalia umeme.* Je, taa ya redio inawaka? Je, unasikia sauti ya "shiii"? Kama hakuna taa wala sauti, kagua fyuzi na waya za betri. Hapo kosa si la antena.

3. *Angalia fimbo.* Imelegea? Imevunjika? Imelala juu ya kebini? Fimbo isimame wima, na sehemu kubwa iwe juu ya paa la gari. Angalia na mzigo. Mabati yakiegemea antena, redio haitasikika mbali.

4. *Angalia kitako cha antena.* Hapa ndipo makosa mengi hujificha. Fungua nati. Sugua kwa msasa mpaka uone chuma cheupe. Kaza kwa spana. Kisha paka grisi kwa nje ili maji yasiingie. Kama antena iko juu ya keria, unganisha keria na bodi kwa waya mfupi na mnene.

5. *Angalia waya wa antena.* Waya huu una waya mmoja katikati na wavu wa waya kuuzunguka. Upapase toka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi hubanwa na mlango, au huchubuka na kuingiza maji. Waya uliolowa ndani haufai tena. Nunua mwingine.

Kupima waya kwa tochi

Unaweza kupima waya huo bila chombo cha bei kubwa. Tafuta betri mbili za tochi, balbu ya tochi na vipande vya waya. Zima redio. Fungua waya wa antena ncha zote mbili, upande wa redio na upande wa antena.

Kwanza pitisha umeme wa betri katika waya wa katikati, kutoka ncha moja hadi nyingine. Balbu iwake. Isipowaka, waya umekatika ndani. Fanya vivyo hivyo kwa wavu wa nje. Mwisho gusisha upande mmoja kwenye waya wa katikati, na upande wa pili kwenye wavu. Sasa balbu isiwake. Ikiwaka, waya wa ndani umegusana na wa nje, na sauti yako inaishia hapo hapo.

Ukimaliza yote na bado husikiki, mwone fundi wa redio. Yeye ana mita ya kupima mawimbi yanayorudi. Mita ikisoma karibu na 1, antena ni nzuri. Ikifika 3, usiendelee kusema. Nguvu inarudi ndani ya redio.

Jihadhari

Usibonyeze kitufe cha kusemea wakati antena imefunguliwa. Redio inaweza kuungua.

Usishike antena wakati mwenzako anasema. Inaweza kukuunguza.

Usisimamishe antena ndefu karibu na nyaya za umeme. Nyaya hizo huua.

Radi zikianza, usiguse antena. Kaa ndani ya kebini na ufunge vioo.

Tena, redio ya kusema si ya kutumia hivi hivi. Mwenye gari aulize kibali Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003. Na atumie mawimbi aliyopewa, asiingilie ya polisi wala ya wengine.

Ndugu msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha msasa ni bei ndogo. Redio mpya ni bei kubwa. Uhai wa mama na mtoto hauna bei. Dereva na akague antena kabla hajaondoka, kama anavyokagua mafuta na magurudumu. Na wewe abiria usione haya kumwuliza, "Dereva, redio yako inasikika?"

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini bodi ya gari ni sehemu ya antena?

2. Redio inasikia wengine lakini wengine hawaisikii. Utaanza kuangalia wapi?

3. Katika kijiji chenu, gari likikwama usiku mahali pasipo na mtandao wa simu, mtaitaje msaada?