Mbalimbali Si Mbali Mbali

Nilitafsiri karatasi ya usalama kwa boti za abiria za Lamu, zile zinazovuka kutoka Mokowe na zinazokwenda hadi Pate na Faza. Sentensi yangu moja ilikuwa hii: "Weka betri na dumu la petroli mbali mbali." Ikaenda Nairobi kwa mhariri, ikarudi imeshachapishwa: "Weka betri na dumu la petroli mbalimbali." Nahodha mmoja, mtu mzima, akaisoma gatini, kisha akaniangalia.

"Mwanangu, betri ninayo moja na dumu ni moja. Hizo mbalimbali nizitoe wapi?"

"Ami, ilikuwa mbali mbali. Moja huku, moja kule."

"Basi si ungeandika hivyo!"

Nilicheka, halafu nikaona haya. Betri inaweza kutoa cheche, petroli inatoa mvuke, na boti imejaa watu. Kilichovitenganisha vitu hivyo viwili kwenye karatasi ilikuwa nafasi moja tu, na mtu aliifuta kwa sababu "ndivyo neno linavyoandikwa".

Mhariri huyo huyo, aliyeunganisha pasipotakiwa, kwingine alimwaga vistari kama chumvi: "injini ya hospawa-40", "jaketi-la-kuokolea", "kizima-moto". Nilipouliza, nikaambiwa nakala ya Kiingereza ina vistari. Kwani wasomaji wa karatasi hii ni Waingereza?

Kiingereza kina sababu zake. Lugha ile hupanga nomino foleni, moja nyuma ya nyingine, bila kitu cha kuzishika, kwa hiyo kistari huja kuonyesha nani yuko na nani. Sisi tuna "ya", "la" na "cha". Tena tuna upatanisho. Mwambie fundi wa Matondoni akuletee "kipande cha mbao kirefu", atatafuta kipande kirefu. Mwambie "kipande cha mbao ndefu", ataziendea mbao ndefu na kukukatia kipande, hata kiwe kifupi. Silabi moja mwanzoni mwa neno imemaliza kazi. (Na ukimsikiliza fundi huyo akitaja viungo vya chombo, mkuku, taruma, foromali, hutasikia hata jina moja linaloomba kistari.)

Kasoro ipo, sikatai. Baadhi ya vivumishi vyetu havipatani na chochote. "Tangi la mafuta safi": kilicho safi ni tangi au mafuta? Lakini hata hapo ukichomeka kistari hujasaidia mtu. Hamisha neno, andika "tangi safi la mafuta", yamekwisha.

Sikipingi kistari chenyewe. Ninapinga kukitumia kama plasta juu ya sentensi ambayo mwandishi hakutaka kuifikiria. Mimi nakiweka pale ambapo jicho linaweza kukata neno mahali pabaya. Tazama "kiuawadudu". Msomaji wa haraka anakutana na "kiuawa", yaani kinachouawa, kisha "dudu", na sasa hajui nani anamuua nani. Hiyo ni lebo ya sumu, jamani! Andika "kiua-wadudu". Lakini "kipimajoto" na "kizimamoto" hazimkwazi yeyote, ziache zilivyo.

Kuna rafiki yangu anayeniambia wazee wetu waliandika bila kistari. Kweli, Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu, na hauna kistari hata kimoja. Ila utenzi ulisomwa kwa sauti, na sauti ya msomaji ndiyo iliyoonyesha neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Karatasi ya usalama inasomwa kimya na mtu mmoja, injini inanguruma, mawimbi yanampiga.

Wengine wanataka tusubiri kamusi ziafikiane. Barua pepe nimeiona ikiandikwa kwa sura tatu, barua pepe, baruapepe na barua-pepe, na zote zilifika. Dumu la petroli halina subira hiyo.

Nikiandika upya leo, ningesema: "Usiweke dumu la petroli karibu na betri." Hapo hapana cha kuunganisha wala cha kutenganisha. Lakini karatasi zilikuwa zimeshachapishwa na rundo liko mbele yangu. Nikamwomba nahodha peni, nikakaa pale pale gatini, nikaanza kufuta "mbalimbali" moja baada ya nyingine.